Betri Nne za Taratibu

Sumaku wangu usiyebanduka,

Habari za huko kwenye mapampu? Bado kelele za mota zinakunyima usingizi, au umeshazizoea mpaka zikizima ndiyo unashtuka? Mimi mwili hauna neno, nakula, natembea, napumua. Mama yako naye mzima, goti limepunguza makelele tangu aanze kukalia kile kiti kirefu. Anakusalimia sana na anauliza kama zile soksi zilikufikia, na kama zilikufikia, mbona huzivai. Sijui amejuaje kwamba huzivai, lakini kaniambia niandike hivyo hivyo. Baba yako, naye, mzima. Nitafika kwake, usinikimbize.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Ningepiga simu, na wiki hii nimeishika simu mara tatu nikaiweka. Unanijua nikiwa kwenye simu: maneno yanapigana vikumbo mlangoni, yanatoka yale ya mzaha, na lile la maana ndilo linabaki ndani. Kwenye karatasi angalau nikiruka jambo utaliona pengo.

Habari za ile meli ndogo ya bati mama yako alishakusimulia. Nilikuwa jikoni, nilimsikia. Alikwambia mota iliungua mbele ya watu, kwamba ni mikono ya mzee imemwangusha, na kwamba sasa ameamua kupumzika. Nataka nikusimulie mimi, tangu mwanzo, kwa sababu mama yako hakuwepo na mimi nilikuwepo. Nilikuwepo kuliko mtu yeyote.

Ulipoondoka, mikono ya mjomba, huyo baba yako, ilikuwa inatetemeka asubuhi tu, kabla ya chai, na sisi wote tulikuwa tunajifanya hatuoni. Sasa inatetemeka kutwa. Kushika nyundo hana shida, kufungua nati hana shida, taabu iko kwenye vitu vidogo. Unakumbuka alivyokuwa akipitisha uzi kwenye sindano ya cherehani huku anaangalia pembeni, anakutania? Basi siku moja yule mama mshonaji wa sare za shule, mteja wake tangu mimi na wewe tunagombania skrubu zilizoanguka chini ya meza, alikuja kuchukua mashine yake. Mjomba akataka kumjaribishia. Uzi wa kwanza ukapita nje ya tundu. Wa pili, nje. Yule mama akaanza kuutazama ukuta kama vile kuna picha imetundikwa. Mwisho akasema, kwa upole kabisa, labda huyu binti amsaidie, yeye apumzishe macho. Macho, Sumaku. Alimstiri kwa kuyasingizia macho. Mjomba akacheka, akanipa sindano, akatoka nje kuangalia mvua ambayo haikuwepo.

Wiki ile ile akaanza meli.

Hakusema anaitengeneza kwa nini, na mimi sikuuliza. Bati alilikata kwenye madebe ya rangi. Urefu wake kutoka kiwiko chako mpaka ncha ya vidole. Mota aliipata kwa kinyozi jirani, mashine ya kunyolea iliyokufa kila kitu isipokuwa moyo. Panga la nyuma, lile linalosukuma maji, alilichonga kwa tupa kutoka kwenye kipande cha shaba, na nakwambia alilichonga mara tano, kila likienda upande analitupa kwenye kopo la takataka anaanza upya. Nyuma ya meli akafunga matishari matatu ya makopo ya samaki, ya kuvutwa. Miezi saba. Ubavuni akaandika jina kwa brashi, herufi zinapanda na kushuka kama watu kwenye ngazi: TARATIBU.

Na ile rangi ya kucha. Mama yako alinunua rangi nyekundu halafu akaikataa, akasema inamfanya aonekane kama amejikata vidole vyote kumi. Mjomba akaichukua. Kila kiungo cha waya akishakichomea na kukivuta na kukikagua, anakiwekea nukta nyekundu. Kanuni yake ni kwamba chenye nukta kimeshapita mkononi mwake, hakiguswi tena. Ila kwa kuwa mkono unatetemeka, hakuna nukta iliyotulia. Kila moja ina mkia. Nilimwambia meli yako imejaa viluwiluwi, akacheka mpaka akaweka brashi chini.

Ilipofika zamu ya betri akanikalisha kwenye stuli akanitega swali, si unayajua maswali yake. Ana betri nne, mota imezoea msukumo wa betri mbili, azipangeje? Nikajibu hajafunga mdomo: zote nne kwa mfululizo, mkia kichwa, mkia kichwa, mota ipate msukumo mara mbili. Akanitazama.

"Ndiyo maana nikakuita Cheche," akasema. "Unawaka hata hujaguswa."

Akanionyesha. Mbili zifuatane, na mbili nyingine zifuatane, halafu hizo jozi mbili zisimame bega kwa bega, sambamba. Hapo mota inapata msukumo ule ule iliouzoea, ila chakula kimeongezeka, inakula kidogo kidogo muda mrefu. Mfululizo unakupa mbio, sambamba inakupa pumzi, ndivyo alivyosema, na meli ya kuvuta mizigo inataka pumzi. Tukaijaribu kwenye beseni la kufulia la mama yako. Ilizunguka saa nzima na ushei, matishari yanafuata kama vifaranga, na mjomba amekaa na saa yake ya mkononi hata chai hakunywa.

Sasa sikia ilivyoingia chuo cha ufundi. Mkuu wa chuo alikuja kuleta vyerehani vyao vibovu, akaiona meli mezani. Akaishika, akaigeuza, akauliza nani kaifanya. Wakaongea wee mpaka dereva wake akaja kuchungulia. Kumbe anatafuta mwalimu wa vitendo wa mwaka wa kwanza, mtu wa kuwafundisha kuchomea waya na kupanga betri, mtu aliyefanya kazi yenyewe, sio aliyeisoma tu. Lakini akasema wazi, na nilimpenda kwa hilo, kwamba walimu wenzake wataiona mikono ya mzee na watauliza. Hivyo alete meli siku ya maonyesho ya chuo, aitie majini mbele yao, iende nusu saa bila kuguswa. Kazi ijibu badala ya mikono.

Sumaku, ungemwona baba yako mwezi ule. Alinyoa ndevu. Alifua lile koti la kazini mwenyewe. Alikuwa anafundisha hewa! Nilimkuta akiwaeleza misumari na koleo tofauti ya mfululizo na sambamba, na koleo nadhani zilielewa kuliko mimi.

Siku yenyewe tulifika asubuhi. Pale uwanjani wana tangi la zege la maji ya kuzimia moto, la mraba, maji yanafika magotini. Tukaiweka meli ijizoeze dakika tano. Wanafunzi wakakusanyika, unawajua wanafunzi. Kulikuwa na mmoja mwenye kofia, mdomo hauna breki, akauliza mzee, hiyo meli inakwenda au inafikiria? Mwingine akasema ifungeni kamba isije ikatutoroka. Yule wa kofia akaiinamia akaipungia mkono, akaiambia Taratibu, ukifika ng'ambo utuandikie. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mjomba akacheka nao! Akawaambia wacheke, watachoka wao kusimama kabla ya meli kuchoka kwenda. Yeye aliona ni utani tu wa vijana. Mimi kila kicheko kilikuwa kinanichoma kama tone la moto la risasi ya kuchomea waya kwenye ngozi.

Mkuu wa chuo akaja kumchukua mjomba akasalimiane na walimu na wapate chai. Mimi nikabaki kwenye karakana na meli. Hapo pashike, nitaparudia.

Walipotoka, kengele ikapigwa, chuo kizima kikazunguka tangi. Mjomba akaiweka meli majini mwenyewe, akawasha swichi kwa kidole cha gumba maana hicho hakitetemeki sana. Na Taratibu ikaruka. Sikudanganyi, ilichomoka, pua juu, maji yanatawanyika pande zote, matishari yanadunda nyuma yake kama makopo yaliyofungwa kwenye mkia wa mbwa. Wanafunzi wakalipuka. Yule wa kofia akaivua kofia akawa anaipungia. Mimi nilikuwa narukaruka, nashangilia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mjomba hakushangilia. Alikunja uso kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake kwa sauti asiyoijua.

Ilikimbia dakika nne. Kwenye ya tano ikaanza kulia sauti nyembamba, halafu ikawa nzito, halafu pakatoka harufu, unaijua ile, ya vanishi ya waya ikiungua, haisahauliki. Moshi mdogo wa buluu ukapanda kwenye bomba la meli, na kuna wapumbavu walipiga makofi wakidhani ni maonyesho. Ikasimama katikati ya tangi. Tishari la nyuma likaja likaigonga, kopo kwa bati, kaa!

Mjomba akakaa kwenye ukingo, akavua viatu, akaweka soksi ndani ya viatu, akakunja suruali mkunjo mmoja mmoja, na mikono ile kukunja suruali si kazi ya mara moja, na watu wote wanangoja. Akaingia majini. Akaibeba meli kifuani kama unavyobeba mtoto aliyelala. Aliporudi ukingoni, mwalimu wa umeme, mtu mwembamba asiye na makuu, akamuuliza kwa adabu tu imekuwaje. Mjomba akaweka meli chini, akanyanyua mikono yake miwili, akaiacha itetemeke mbele yao.

"Ni hii," akasema. "Kuna mahali imeteleza."

Kwenye gari tukirudi aliipakata meli njia nzima. Nyumbani alipomaliza kula akaifungua meli pale mezani kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani, akakaa nayo mpaka saa ya chai. Muda wa saa mbili hivi. Mimi nilikuwa nafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Halafu akaniita akaniuliza kama niliona ilivyokimbia. Nikamjibu betri zilikuwa mpya, mjomba. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema betri mpya, ndiyo. Akaifunga meli.

Tangu siku ile hajashika hata bisibisi, leo wiki ya tatu. Anakaa barazani, na ameanzisha mtindo wa kuikalia mikono yake, anaiweka chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Wateja wakija anawaelekeza kwangu. Akaandika barua chuoni, akashukuru, akasema nafasi ile haimfai, mikono imemsaliti na sasa ana wasiwasi hata na kichwa, maana ameitazama meli na haoni alipokosea. Lakini kama wanataka mtu, akaandika, wamchukue mpwa wake. Hana cheti, kajifunza kwa kubomoa redio za watu, ila anajua, na ana mikono.

Jumanne jibu likaja. Kwangu. Msaidizi wa mwalimu wa vitendo, mwaka wa kwanza, kazi inaanza Jumatatu, na niwajibu kabla ya Ijumaa. Mama yako alipiga kigelegele hadi jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Na jioni ile, kabla jua halijazama, mjomba akalifuta sanduku lake la vifaa kwa mafuta, lile la mbao lenye mpini wa mkanda, ambalo wewe ulipigwa marufuku kulikalia, akalivuta mwenyewe kwenye ukumbi mpaka mlangoni kwangu. Nikamwambia sitaki, ni lako. Akaniambia chombo kisichotumika kinaota kutu, na kutu haina mjomba. Halafu akasema, "Mikono yako haitetemeki, Cheche. Inaonekana." Akarudi kukaa.

Lile sanduku bado liko mlangoni. Nalivuka nikitoka, nalivuka nikiingia.

Basi. Pengo lile la karakana. Naona nimezunguka mbuyu kurasa nne, ngoja nilipite kwa pumzi moja.

Sio mikono ya baba yako. Ni yangu.

Wao wakinywa chai, mimi nilikuwa karakana na meli, na masikioni nina yule wa kofia. Ukifika ng'ambo utuandikie. Nikasema hapana, leo watafunga mdomo. Chuma cha kuchomea kilikuwa mezani pale, kina moto tayari. Nikakifungua kikasha cha betri, nikaondoa nukta mbili nyekundu za mjomba, nikaviachanisha viungo vile viwili, nikazipanga betri zote nne kwa mfululizo. Mkia kichwa, mkia kichwa. Dakika nane. Nilikuwa napiga mluzi, Sumaku. Na kwa kuwa kiungo kisicho na nukta angekigundua mara moja, nikatoa ile chupa ya rangi ya kucha kwenye sanduku lake, nikapaka nukta mpya.

Utaniuliza kwani sikujua? Ndiyo, nilidhani najua, na hapo ndipo ujinga wangu wote ulipo. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa na mota nyingine ya kunyolea, pacha wa ile. Niliipa betri nne mezani, ikalia kama nyuki dakika kumi, nikaigusa, vuguvugu tu. Nikajiambia mzee anaogopa bure. Sikufikiri kwamba mezani ile mota ilikuwa inazungusha hewa. Hewa haina uzito. Majini ina panga la kusukuma, ina meli, ina matishari matatu shingoni, na wewe unaipa msukumo mara mbili: kadiri inavyotaka kwenda mbio ndivyo maji yanavyoikatalia, ndivyo inavyozidi kunywa umeme, hadi inaungua kwa kiu yake yenyewe. Mjomba angeniambia kwa sentensi moja. Ningemuuliza tu. Lakini mtu anayejifundisha mwenyewe, mwalimu wake ana kichwa kigumu kama chake.

Na bado hiyo si aibu yenyewe. Kuunguza mota ni kosa, mafundi huunguza. Aibu ni kilichofuata. Mjomba alipokuwa anajikausha miguu kwa taulo aliloletewa na mkuu wa chuo, nilisema naipeleka meli karakana nikaikaushe. Nikaipeleka. Nikavirudisha viungo kama alivyovipanga yeye. Sambamba, jozi na jozi. Nikapaka nukta tena. Yaani alipokuja kuifungua mezani kwake akute amefanya kila kitu sawa sawa, na asione sababu, na kwa kuwa haoni sababu basi sababu iwe yeye. Nilikuwa nafikiria kujificha tu. Sikufikiria kwamba namwibia mtu kichwa chake.

Na aliponiuliza niliona ilivyokimbia, alikuwa ananipa mlango, Sumaku, mlango wazi kabisa, nami nikaufunga kwa betri mpya.

Ningeishia hapa ungekuwa na haki ya kunitukana na kuichana barua. Lakini kuna la jana.

Jana mchana mama yako alikwenda kliniki na goti lake, mjomba akasinzia barazani. Nikasema angalau niibadilishe mota, nitie ile pacha, labda akiiona meli inatembea kwenye beseni tena atainuka. Nikaifungua mezani pale pale, mwanga ule ule wa dirisha. Nikaanza kuangalia viungo kwa mara ya kwanza tangu siku ile, maana nilikuwa siwezi hata kuitazama. Viko kumi na vinne. Kumi na viwili vina viluwiluwi, nukta na mkia, nukta na mkia. Viwili vya kwenye betri vina nukta za duara. Duara safi, kama zimechorwa kwa mdomo wa bilauri. Zimekaa katikati ya wenzake kama watu waliovaa suti shambani.

Nilikaa chini sakafuni.

Baba yako aliiangalia meli hii saa mbili nzima akiwa na miwani. Mtu anayeitambua mashine iliyofunguliwa na fundi mwingine kwa jinsi skrubu zilivyokazwa. Mtu anayejua mkono wake hauwezi tena kuweka nukta isiyo na mkia, anajua kuliko yeyote, ndiyo huzuni yake hiyo. Na baada ya saa mbili akaniita, akaniuliza swali moja, nikamjibu uongo, akasema betri mpya, ndiyo. Halafu akaniletea sanduku lake mlangoni akaniambia mikono yako haitetemeki, inaonekana. Nilidhani ananisifu.

Inaonekana wapi, Sumaku?

Sasa kichwa kinanizunguka kama lile panga la meli. Kama hakuziona zile nukta, basi yuko pale barazani ameikalia mikono isiyo na kosa, na kila saa ninayonyamaza ninaizika mizima mizima. Kama aliziona, basi anajua tangu siku ya kwanza, aliandika ile barua ya chuo akijua, alinipa sanduku akijua, na anangoja. Na sijui anangoja kwa hasira au kwa huruma, na huruma naiogopa zaidi, maana hasira yake nimeizoea, ina mwisho. Nimejaribu kuusoma uso wake wakati wa kula. Anapuliza chai. Ananiuliza Jumatatu nitavaa nini.

Chuoni sijajibu. Niliandika ndiyo nikaichana. Nikaandika kwamba nafasi ile ni ya mjomba, kazi ya mikono yake haikuwa na dosari na aliyeharibu ni mimi, nikaikunja, iko chini ya godoro. Siwezi kuipeleka kabla ya kumwambia yeye, maana haitakuwa vizuri asikie kwa mkuu wa chuo kile ambacho ningemwambia nikiwa umbali wa kiti. Mota nimeshaibadilisha. Betri ziko kama alivyozipanga yeye. Zile nukta mbili za duara sijazifuta na sitazifuta.

Nisalimie wenzako wote wa kwenye mitambo, na yule msimamizi wenu anayekoroma, mwambie hatumjui ila tunamwonea huruma mkewe. Vaa soksi. Mama yako anasema ukipata likizo usilete zawadi, lete nguo chafu tu kama kawaida yako. Mjomba asubuhi hii aliuliza kama nimepata habari zako, nikamwambia nakuandikia leo, akasema nikuambie ule.

Ninavyoandika hapa namsikia. Kile kiti chake kinalia akijisogeza. Kutoka meza hii mpaka barazani ni hatua tisa, nimezihesabu, na njiani kuna sanduku la kuvuka. Meli iko mkononi mwangu wa kushoto, kifuniko kimefunguliwa, nukta zote kumi na nne zinaonekana. Sasa wewe ndiye mwanawe, wewe ndiye unayemjua anavyonyamaza. Ungekuwa ni wewe, Sumaku, ungemwekea meli mapajani na kusema mwenyewe, au ungeiweka tu, wazi hivi, na kungoja auangalie uso wako?

Ni mimi mdogo wako,
Cheche